Mizani ya Barabara ya Kumi na Mbili

Miaka thelathini na moja nilipima mkonge,
peni sikioni, vumbi la singa puani.
Sasa hapa Ngamiani, ukumbini kwangu,
napima dengu.

Nesi Shemhilu wa Bombo hakunitisha.
Alinitoboa kidole, akaitazama namba,
akanyamaza kidogo,
kisha akachora duara nyuma ya bahasha ya vidonge:
nusu majani na mboga,
robo samaki au kunde,
robo iliyobaki, "hiyo ndiyo ya ugali wako, mzee.
Na usirudie chakula kimoja kila siku kama mfungwa."

Mwantumu aliligeuza duara lile, akacheka.
"Hii si sahani ya bibi yako wa Pongwe?
Ila yeye hakuwa na kalamu."

Tukafungua daftari.
Jumamosi haikutusumbua: kibua wa kuchoma,
ugali wa mtama, mchunga uliochemshwa mara moja tu
(uchungu wake nausifu mbele za watu,
peke yangu nakunja uso).
Jumapili, choroko za nazi, nazi ya kuhesabu,
na tembele lililotoka Mgandini na umande wake.
Jumatatu tukagombana.
Mimi nilitaka bada. Yeye akasema bada ni robo.
Nikasema bada haikatwi robo, bada ni bada.
Tukaiacha Jumatatu wazi
mpaka Jumatatu yenyewe ilipofika
na dagaa, na bamia, na kibada kama ngumi ya mtoto.

Niliiona korona ikila.
Ukiijaza kwa pupa inakabwa, mkanda unaruka,
kiwanda kizima kinasimama kukulaani.
Mlishe kwa zamu, mkono wenye subira,
utaisikia inavyonguruma, singa huku, maji kule.
Tumbo nalo lina mkanda wake.
Miaka yote hiyo sikuwahi kuusikiliza.

Watu husema Tanga ni waja leo, warudi leo.
Sukari ya wali wangu ilikuja na begi,
ikatandika mkeka kwenye damu, ikaomba na mto.
Mgeni siku mbili; ya tatu mpe jembe.
Nimempa: kila nikishakula natembea
hadi Barabara ya Ishirini na kurudi,
kanzu mkononi, nikijifanya nina shughuli.

Alhamisi, daftarini: vitumbua viwili.
Nimefuta. Vitatu.

Maana mwili hauli rushwa, na mimi nazijua rushwa.
Kulikuwa na kidole changu, hiki hiki cha kutobolewa,
kilichokaa kwenye mzani mwisho wa mwezi
kwa amri ya meneja, na kwa woga wangu.
Wakata mkonge wakaondoka na posho ya sembe,
weupe juu ya weupe, wiki hadi wiki,
na chumvi, kama ipo.
Sikuuliza waliiteremshia nini.

Nankuta alikuwa mmoja wao.
Siku hizi tunakutana benchi moja pale Bombo,
namba yake juu ya yangu.
Ijumaa hii amekuja na majani ya maboga
aliyochuma nyuma ya choo chake Makorora,
akayavua nyuzi moja moja, bila haraka,
kama mtu aliyezoea miiba mikubwa zaidi.
Mwantumu akapakua kunde.
Chungwa la Muheza likamenywa, lisikamuliwe,
tulitafune na nyama zake.

Nikashika upawa.
Nankuta akasogeza sahani,
akanitazama mkono, si uso.
"Safari hii," akasema, "pima taratibu.
Nami nione."